Cheti cha Mwendo wa Radi ya Maendeleo

Nchi yenyewe haipo kwenye ramani, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta. Na ikitokea akaifahamu, hilo ni shauri lake na majirani zake. Inatosha kusema kwamba serikali ya nchi hiyo iliwapenda mno wananchi, na iliwaambia hivyo kila siku baada ya taarifa ya habari, ili wasije wakasahau.

Katikati ya nchi kuna Ziwa la Taifa, na ndani ya ziwa kuna Kisiwa cha Mbisi, chenye watu elfu nne na zahanati moja. Watu wa Mbisi waliomba boti ya wagonjwa. Waliomba miaka kumi na mmoja mfululizo, kwa barua zenye mihuri yote inayotakiwa. Mwaka wa kumi na mbili serikali ikasikia, ikawaletea pikipiki ya majini.

Ni chombo kidogo kisicho na magurudumu. Mtu hukikalia kama anavyokalia pikipiki, anashika usukani, nacho kinavuta maji chini ya tumbo lake na kuyatema nyuma kwa nguvu. Kwingineko duniani watu wenye nafasi huchezea vyombo hivyo siku za mapumziko. Hiki kilipakwa rangi nyeupe, kikachorwa msalaba mwekundu ubavuni, kikaitwa Radi ya Maendeleo.

Kijitabu kilichokuja nacho kilisema kinakwenda kilomita mia na ishirini kwa saa. Kutoka kisiwani hadi hospitali ya mji wa Gatini, ng'ambo ya ziwa, ni kilomita thelathini. Waziri wa Maji, Mawimbi na Heshima, Mheshimiwa Daktari Daktari Gaudensi Rukonge (aliyetunukiwa udaktari mara mbili, na mara zote mbili alishangaa), alipiga hesabu mwenyewe hadharani, akapata dakika kumi na tano.

"Ndugu wananchi," alisema, "haiwezekani taifa changa likawa na wadi mbili za wazazi zilizopishana kwa dakika kumi na tano. Huo ni ulafi wa vitanda!"

Watu wakapiga makofi. Wiki hiyo hiyo wadi ya wazazi ya Mbisi ikafungwa, na vitanda vyake sita vikahamishiwa Gatini, vikawekwa katika chumba cha kupumzikia wageni wa wizara.

*

Sheria ya nchi hiyo ilitaka kila namba iliyotamkwa na waziri iwe na cheti. Ndiyo maana barua ikaenda Idara ya Vipimo na Mizani, ikapita meza saba, na katika meza ya saba ikamkuta Bi Paskazia Kiwembe akinywa chai ya rangi.

Bi Paskazia alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, magoti mabovu, na miezi minne tu kabla ya kustaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepima mizani za mabucha, pampu za mafuta, na vibaba vya wauza mchele. Hakuwahi kusaini namba ya uongo hata mara moja. Watu walidhani ni ushujaa. Yeye alijua ni uchovu tu. Namba ya kweli ukiisahau unaenda kuipima tena; ya uongo ukiisahau umekwisha, kwa hiyo unalazimika kuilea kama mgonjwa, maisha yako yote.

Akaisoma barua mara mbili. Akauliza, "Hivi kwenye maji naanzia wapi? Hakuna hata jiwe la kilomita."

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu ilikuwa saa ya chakula cha mchana, saa ambayo katika idara hiyo ilianzia saa nne asubuhi. Akafungua kabati, akatoa kifaa cha GPS cha mkononi, kidogo kama kipande cha sabuni ya mche, kilicholetwa na wafadhili miaka sita iliyopita na kilichokuwa bado kimefungwa kwenye nailoni. Alisoma maelekezo yake siku tatu. Wenzake walimwonea huruma.

*

Dereva wa Radi alikuwa Koplo Hamduni wa Kikosi cha Majini, kijana mwenye adabu na mabega mapana.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Chombo hiki kinakwenda kiasi gani?"

"Mshale unafika mia na kumi na nane, Bi. Nimeuona kwa macho yangu."

"Mshale huo unahesabu mbio za injini. Hautazami tumetoka wapi na tumefika wapi. Hiki kinatazama." Akamwonyesha kifaa. "Kinaongea na setilaiti huko juu. Tukikiwasha tunasubiri kwanza kiione anga vizuri. Usikiweke mfukoni, usikikalie, usikifunike."

Katibu wa Waziri, Bwana Lugome, alikuwa amekaa ufukweni kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli ulioshikwa na msaidizi wa mwavuli, cheo kilichoanzishwa mwaka jana. "Mnasubiri nini?" akapaza sauti.

"Setilaiti," alijibu Bi Paskazia.

"Waambieni tunatoka wizarani!"

Setilaiti zilipopatikana, Bi Paskazia akakifunga kifaa juu ya bega la Koplo, akamwagiza anyooshe moja kwa moja, afungue moto wote, ahesabu mpaka ishirini bila kuachia, kisha ageuke arudi kwa mstari ule ule. Upepo unaokusukuma wakati wa kwenda ndio unaokuzuia wakati wa kurudi, kwa hiyo ukipima upande mmoja tu umepima na upepo.

Kwenda, sitini na sita. Kurudi, sitini. Wakarudia mara tatu, namba zikawa zile zile. Akaandika: sitini na tatu.

Kisha akavaa jaketi la kuokolea maisha, akapandisha magoti yake kwa shida, akaketi nyuma ya Koplo kama abiria. Hamsini. Kisha wakaweka katikati yao gunia la mchanga lenye uzito wa mtu mzima, kwa sababu mgonjwa hawezi kusafiri bila mtu wa kumshika. Arobaini. Maji yalimpiga usoni mpaka akasahau umri wake.

"Arobaini," alisema Koplo, akitazama kifaa. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa habari mbaya za ndugu yake. "Kilomita thelathini kwa arobaini... Bi, hizo si ni dakika arobaini na tano?"

"Ziwa likiwa limetulia."

Wakafanya mzunguko wa mwisho, Koplo akiwa peke yake. Wimbi likamjia, naye kwa heshima ya mali ya serikali akakichomoa kifaa begani akakificha kifuani, chini ya jaketi. Kifaa kikapoteza anga. Alipokitoa, kikajikuta mahali pengine kabisa, kikadhani kimeruka, na kwenye sehemu ya mwendo wa juu kabisa kikaandika: mia mbili na kumi na nne.

"Hilo ni kosa," alisema Bi Paskazia. "Kimepotea kikazinduka. Nalifuta."

Lakini Bwana Lugome alikuwa ameshaiona namba. Aliinuka kwenye kiti, akaingia majini na viatu vyake, akakipokea kifaa kwa mikono miwili.

*

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa wizara. Waziri alikaa mwisho wa meza ndefu, na mbele yake kulikuwa na karanga.

"Bi mkubwa," alianza, "hizo setilaiti ni za nani?"

"Za mataifa ya nje, Mheshimiwa."

"Na ndizo zinazosema sitini na tatu?"

"Ndizo, Mheshimiwa. Na arobaini akiwepo mgonjwa na wa kumshika."

"Na hii mia mbili na kumi na nne imesemwa na nani?"

"Ni hizo hizo, zilipompoteza Koplo."

Waziri akawageukia wajumbe. "Mmeona? Zikituona zinatudharau. Zikitupoteza ndipo zinasema ukweli!"

Wajumbe wakaandika. Mtaalamu mmoja, aliyetaka kusaidia pande zote, akapendekeza itumike ile sitini na tatu lakini igeuzwe iwe futi kwa dakika, maana ingekuwa elfu tatu mia nne arobaini na tano. Waziri akalifikiria jambo hilo kwa muda wa karanga nne. Akalikataa: wagonjwa wangeogopa.

Karatasi ikasukumwa mbele ya Bi Paskazia. Aliitazama. Nje dirishani mtu alikuwa akipiga deki kibaraza, na kwa sekunde chache alimwonea wivu mtu huyo.

"Nitasaini niliyoipima," alisema.

"Bi mkubwa, wewe unapima chombo au unapima uvumilivu wangu?"

"Uvumilivu sina kifaa chake, Mheshimiwa."

Kisha Bwana Lugome, mtu mwenye busara za ofisini, akaivuta karatasi polepole, akaandika kwa mwandiko mzuri "k.n.y. Mpimaji", yaani kwa niaba yake, akasaini yeye. Waziri akamshukuru Bi Paskazia kwa ushirikiano. Kesho yake mabango yakabandikwa hadi kwenye milango ya vyoo vya soko: RADI YA MAENDELEO, KILOMITA 214 KWA SAA. DAKIKA NANE NA NUSU TU!

Bi Paskazia hakupiga kelele. Kelele zilitaka pumzi, na pumzi alikuwa anazibania ngazi za ofisini. Alimtafuta Koplo Hamduni, akamwambia, "Nipeleke Mbisi."

*

Nesi Egla, mwanamke mfupi aliyekuwa nesi, mkunga na mfagiaji wa zahanati ya Mbisi, aliwapokea mlangoni. Nyuma yake wadi ilikuwa tupu, alama za miguu ya vitanda bado zikionekana kwenye sakafu.

"Karibuni. Tumepata bango," alisema. "Sasa ni dakika nane na nusu. Nimeshajipanga. Mama akianza kutokwa na damu, napiga simu."

"Usijipange hivyo," alisema Bi Paskazia. "Naomba nikae kwanza."

Akaketi kwenye benchi, akatoa daftari. "Chombo kinalala Gatini. Koplo akija peke yake ni nusu saa. Kurudi na mgonjwa katikati ni dakika arobaini na tano. Jumla saa moja na robo, na hapo ziwa halijakasirika. Nimepima mimi mwenyewe."

Nesi Egla aliishika fremu ya mlango.

"Chombo kilianza kazi kabla ya cheti," alisema hatimaye. "Jumanne iliyopita nilikuwa na mke wa fundi cherehani. Nilijiambia, dakika kumi na tano, nina muda, ngoja nimwangalie kidogo. Nikasubiri. Nilidhani ninao muda."

"Mama yupo?"

"Mama yupo. Mtoto hakufika."

Koplo Hamduni akatoka nje. Miaka thelathini na mmoja ya mizani haikuwa imemfundisha Bi Paskazia maneno ya kufariji. Akampa daftari. Nesi Egla alisoma namba zote, za kwenda na za kurudi, kwa kidole. Kisha akachukua chaki akaandika ukutani, juu ya simu, kwa herufi kubwa: SAA MOJA NA ROBO. PIGA MAPEMA.

*

Uzinduzi rasmi ulifanyika kisiwani mwezi uliofuata. Waziri aliwasili kwa boti kubwa ya serikali, akateremka, na boti ikarudishwa haraka Gatini kuchukua bendi, iliyokuwa imesahaulika. Bi Paskazia aliamriwa awepo, akishika kifaa cha GPS juu ya mto mdogo wa hariri.

Waziri alihutubia saa nzima juu ya kasi. Alipofika kwenye maneno "hatutasubiri tena," akajikunja. Jasho likamtoka kama amemwagiwa maji. Wakamlaza chini. Nesi Egla akambonyeza ubavuni, naye akatoa sauti ambayo haikuwa ya daktari hata mara moja.

"Nadhani ni jiwe la figo," alisema Nesi. "Hapa sina dawa ya maumivu ya namna hii. Aende Gatini."

"Boti!" akapiga kelele Bwana Lugome.

Boti ilikuwa inapakia matarumbeta ng'ambo ya ziwa.

"Radi," alinong'ona Waziri. "Dakika nane."

Nesi Egla hakuweza kuondoka. Ndani alikuwa na mtoto mwenye homa kali. Mtu pekee mwingine pale aliyewahi kuipanda Radi alikuwa Bi Paskazia. Akauweka mto wa hariri mchangani, akavaa jaketi, akapanda nyuma, na Waziri akawekwa katikati, mahali pa lile gunia la mchanga. Bi Paskazia akamzungushia mikono kiunoni. Wananchi wakashangilia, wakidhani ni sehemu ya ratiba.

Wakaenda. Kila wimbi lilipowarusha, Waziri alilia. Dakika ya tisa akainua kichwa.

"Tumefika?"

Koplo Hamduni hakugeuka. "Kwa mujibu wa cheti, Mheshimiwa, tumeshafika."

Waziri akatazama kulia, akaona maji. Akatazama kushoto, akaona maji. Akakiegemeza kichwa chake kwenye mgongo wa Koplo na hakuuliza tena. Dakika ya ishirini alianza kumwita mama yake, kwa jina la nyumbani. Bi Paskazia, aliyekuwa amejiandaa kwa wiki nyingi kumchukia mtu huyu, alijikuta amechoka hata kwa hilo.

"Bado dakika ishirini na tano, baba," alimwambia sikioni. "Si nane, na si mia. Ishirini na tano. Hesabu na mimi."

Wakahesabu. Mkono wa Waziri uliushika wake kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Dakika ya arobaini na tano kasoro kidogo Radi ikagusa mchanga wa Gatini.

*

Waziri alipona. Baada ya wiki mbili alionekana kwenye televisheni akiwa amepungua mwili lakini si cheo, na taifa zima likangoja aseme alichojifunza.

Alisema ameunda tume. Tume ilikuwa imepata ushahidi usiopingika kwamba safari ilichukua dakika arobaini na tano. Ilikuwa pia na cheti halali chenye mwendo wa kilomita mia mbili na kumi na nne kwa saa. Vitu viwili hivyo vikikubaliwa, na lazima vikubaliwe, basi kosa liko kwenye ziwa. Ziwa la Taifa, kutoka Mbisi hadi Gatini, halina upana wa kilomita thelathini kama wakoloni walivyotudanganya, bali mia na sitini na nusu. Nchi imekua. Jumatatu ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko, na nchi jirani zikaonywa zisogee.

Jumanne Bwana Lugome akaja kwenye meza ya saba na fomu mpya.

"Cheti cha upana wa ziwa, Bi Paskazia. Safari hii wanataka sahihi yako hasa, maana ulikuwepo. Najua utakataa. Ni wajibu wangu kukuletea tu." Akaketi, akajipepea na fomu. "Na hapo usifikiri sisi tunafurahi. Kumbe kuna Sheria ya Visiwa vya Mbali. Kisiwa kikiwa zaidi ya kilomita mia kutoka nchi kavu, lazima kiwe na wadi ya wazazi na mkunga wa pili. Lazima! Mwanasheria ametuamkia nayo asubuhi hii. Wageni wa wizara watalala wapi, sijui."

Bi Paskazia akaiweka chini chai yake.

"Nikisaini, vitanda vinarudi lini?"

"Wiki hiyo hiyo. Sheria ni sheria."

Aliishika kalamu. Miaka thelathini na mmoja ilikaa kwenye kidole gumba. Aliifikiria sakafu yenye alama za miguu ya vitanda. Aliwaza pia kwamba namba hii ataibeba mpaka kaburini, kila siku akiikagua isije ikamponyoka, na kwamba mtu akimuuliza upana wa ziwa atalazimika kuangalia pembeni. Kisha akaifuta mia na sitini na nusu.

Bwana Lugome akashusha pumzi. "Nilijua."

"Andika mia mbili," alisema Bi Paskazia. "Huwa mnapunguza baadaye. Nataka mkipunguza isishuke chini ya mia."

Akasaini.

*

Simu ilikuja siku ya Ijumaa, saa sita mchana. Alikuwa Nesi Egla.

"Bi, vitanda vimekuja. Lori limevuka na pantoni asubuhi, limetumia saa mbili na nusu tu. Lakini dereva na mwenzake wamekataa kushusha. Wanasema kwa karatasi zao safari ni kilomita mia mbili za maji, siku mbili. Wakishusha leo wataulizwa walipitia wapi. Kwa hiyo wamekaa kwenye kivuli cha lori mbele ya mlango wangu. Wanasema bado wako njiani."

"Wape chai," alisema Bi Paskazia.

"Nimewapa. Bi, sikiliza. Binti wa mwashi alishikwa na uchungu saa tatu. Sikuweza kumlaza sakafuni na vitanda navitazama. Nimempandisha ndani ya lori, nimemlaza kwenye kimojawapo, na nailoni yake. Dereva ndiye aliyeshika turubai tusionwe."

Bi Paskazia alisimama, kitu ambacho magoti yake hayakukipenda. "Ehe?"

"Wa kike. Mama mzima, mtoto mzima. Analia mpaka dereva anaziba masikio." Sauti ya Nesi Egla ikapungua. "Sasa nina kitabu cha vizazi hapa. Kuna sehemu ya mahali alipozaliwa. Dereva anasema nikiandika zahanati nitamponza, kwa sababu lori halijafika. Anataka niandike katikati ya ziwa. Niandike nini?"

Nyuma ya simu, mbali, Bi Paskazia alimsikia mtoto.

"Andika Mbisi," alisema. "Mbele ya mlango wa zahanati. Na saa yake kamili."

"Saa tano na dakika ishirini na mbili."

"Na uzito?"

"Kilo tatu na gramu mia moja na hamsini."

Bi Paskazia akachukua kalamu, akaiandika namba hiyo pembeni mwa gazeti, taratibu, pamoja na gramu zake, ingawa hakuna mtu yeyote katika jamhuri nzima aliyekuwa amemwomba.